Maria Theresia, Malkia wa Riale ya Sham

Wapo watawala wanaokumbukwa kwa vita walivyoshinda, na wapo wanaokumbukwa kwa majumba waliyojenga. Maria Theresia wa Austria hakupata kuiona Afrika wala kusafiri katika bahari ya Hindi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, sura yake ilihesabiwa na kupimwa katika mizani za wafanyabiashara wa Unguja, Maskati, Mokha na Musawa. Sura hiyo ilichapwa juu ya sarafu kubwa ya fedha ambayo wazee wa pwani waliiita riale ya Sham. Maisha ya malkia huyu yanamfaa askari kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mjenzi wa jeshi. Pili, sarafu yake ni mwalimu mzuri kwa kila mtu ambaye siku moja, kwa shida au kwa hiari, atachukua pambo au sarafu ya urithi na kwenda kuiuza kwa sonara.

BINTI ALIYERITHI VITA

Maria Theresia alizaliwa mjini Vienna tarehe 13 Mei, 1717. Baba yake, Kaizari Karl wa Sita, hakujaaliwa mtoto wa kiume aliyeishi. Tangu mwaka 1713 Kaizari huyo alikuwa ametoa amri kwamba nchi zake zote zisigawanywe, na kwamba akikosa mrithi wa kiume basi binti na arithi. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi wafalme wa Ulaya waikubali amri hiyo, na wengi waliikubali kwa maandishi. Lakini maandishi bila ya nguvu za kuyalinda ni karatasi tu. Karl alipofariki tarehe 20 Oktoba, 1740, hazina aliyoiacha ilikuwa karibu tupu, na jeshi lake lilikuwa limechoka na kupungua.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 23. Hakuwa amefundishwa kazi ya kutawala. Aliolewa mwaka 1736 na Franz Stephan wa Lorraine, mtu mpole, hodari wa hesabu za fedha na mkusanyaji maarufu wa sarafu za kale. Miezi miwili haijatimia tangu arithi, Mfalme Friedrich wa Pili wa Prusia akaingiza majeshi yake katika jimbo la Silesia, ambalo lilikuwa miongoni mwa majimbo yenye utajiri mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Mwezi Aprili 1741, katika mapigano ya Mollwitz, majeshi ya Austria yalishindwa. Bavaria na Ufaransa nazo zikajiunga na maadui.

Wapo washauri waliomtaka akubali kukata nchi vipande ili apate amani. Yeye alikataa. Alikwenda Pressburg, mji ambao leo unaitwa Bratislava, na huko akatawazwa mwezi Juni 1741 kuwa mtawala wa Hungaria. Mwezi Septemba mwaka huo huo alisimama mbele ya baraza la wakuu wa Hungaria na kuwaomba msaada wa silaha. Wakuu hao, ambao wengi walidhani wangemwacha aanguke, waliahidi kumpa askari. Vita viliendelea hadi mwaka 1748. Alipoteza sehemu kubwa ya Silesia, lakini aliokoa karibu nchi zake zote nyingine, na mumewe alichaguliwa kuwa Kaizari mwaka 1745.

MALKIA NA JESHI LAKE

Mtu mwingine angelala baada ya amani ile. Maria Theresia aliitumia kujiuliza kwa nini alishindwa. Jibu alilolipata lilikuwa la mkuu wa jeshi hasa: askari wake hawakukosa ushujaa, walikosa mishahara ya wakati, mafunzo ya namna moja, na maofisa waliosoma. Kwa ushauri wa waziri wake Haugwitz alibadili utaratibu wa kodi, ili hata wakuu wenye ardhi walipe, na ili jeshi la kudumu la watu 108,000 liweze kugharimiwa bila ya kuombaomba kila mwaka. Jemadari Leopold von Daun alipewa kazi ya kusawazisha gwaride na mafunzo.

Mwezi Desemba 1751 malkia alianzisha chuo cha kijeshi katika ngome ya Wiener Neustadt, kusini ya Vienna. Chuo hicho kingali kinafundisha maofisa wa Austria mpaka leo, na kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vyuo vya kijeshi vya zamani kabisa duniani. Kila aliyepitia chuo cha maofisa wanafunzi, akaamshwa kabla ya jua na kufundishwa kwamba cheo hutangulia na wajibu, anakula matunda ya fikra zilizojengwa katika zama zile.

Matokeo yake yalionekana tarehe 18 Juni, 1757, katika uwanja wa Kolin. Friedrich alikuwa ameuzingira mji wa Prague. Daun alimkabili na kumshinda, na mfalme huyo aliyekuwa akisifiwa kila mahali akalazimika kuondoa mazingira yake. Kwa kuikumbuka siku hiyo malkia alianzisha nishani ya kijeshi yenye jina lake. Nishani hiyo haikutazama ukoo wala dini ya ofisa. Ilitolewa kwa kitendo cha ushujaa ambacho ofisa angeweza kuacha kukitenda na bado asilaumiwe na mtu yeyote.

Hata hivyo Silesia haikurudi. Vita vya Miaka Saba vilikwisha mwaka 1763, na jimbo lile likabaki mikononi mwa Prusia.

Haki yataka na makosa yake yatajwe. Mwishoni mwa mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wa Prague wafukuzwe makwao, amri iliyowatesa watu wasio na hatia, na hadi mwaka 1748 ndipo walipoachiwa kurudi. Mwaka 1772 alikubali kushiriki katika kuigawanya nchi ya Poland, jambo lile lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipinga lilipotaka kutendwa kwa nchi yake. Kwa upande mwingine, mwaka 1774 aliamuru watoto wa kiume na wa kike wasomeshwe shule, na mwaka 1776 akakomesha utesaji wa watuhumiwa katika nchi zake za Austria na Bohemia. Jambo hili la mwisho polisi wa leo wanalifahamu uzito wake: ungamo lililotolewa kwa maumivu si ushahidi.

Alizaa watoto 16, na 10 kati yao wakafikia utu uzima. Mmoja wao, Marie Antoinette, aliolewa Ufaransa na kuuawa katika mapinduzi mwaka 1793. Mumewe alipofariki mwaka 1765, malkia alivaa nguo nyeusi na ushungi wa kizuka, na hakuzivua mpaka alipofariki Vienna tarehe 29 Novemba, 1780. Ushungi huo ndio unaoonekana katika sarafu yake.

FEDHA ISIYODANGANYA

Tuitazame sasa sarafu hiyo. Riale za kwanza za Maria Theresia zilichapwa mwaka 1741, wakati vita vikiwa vimepamba moto. Mwaka 1753 alipatana na Bavaria juu ya kipimo kimoja cha fedha, na kipimo hicho kikawekwa imara: riale moja ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za sarafu hiyo, sehemu 833 ziwe fedha safi na zilizobaki ziwe shaba ya kuikaza. Maana yake ni kwamba ndani ya kila riale mna gramu 23.39 za fedha safi.

Hapa ndipo pana tofauti kubwa kati yake na adui wake. Katika Vita vya Miaka Saba, Friedrich aliikalia Saxony na kukitwaa kiwanda cha sarafu cha Leipzig. Akachapisha humo sarafu zenye alama za mtawala wa Saxony, lakini zenye fedha pungufu. Mtu aliyezipokea aliona sura aliyoizoea na kuziamini, na alipozipeleka kwa sonara akagundua kwamba ameshika shaba nyingi na fedha kidogo. Maria Theresia naye alibanwa na gharama za vita, na mwaka 1762 serikali yake ikatoa noti za karatasi. Riale yake kubwa ya fedha, lakini, hakuipunguza. Kwa sababu hiyo iliaminiwa na watu wasiojua hata jina lake.

Wafanyabiashara waliokwenda kununua kahawa ya Yemen waliichukua kwa magunia, na kutoka huko ikasambaa Bara Arabu, Uhabeshi na pwani yetu. Ukingoni mwake pamechorwa kwa herufi za kuinuka maneno ya Kilatini ya kaulimbiu ya malkia, yenye maana ya haki na huruma. Herufi hizo zilikuwa pia mlinzi: zamani wezi walikata kingo za sarafu kidogo kidogo na kukusanya vumbi la fedha, lakini riale iliyokatwa ukingo ilijishtaki yenyewe. Wapokeaji wa Uhabeshi na Arabuni walihesabu lulu katika taji lake dogo na kukitazama kwa makini kishikizo cha begani, na kama chapa ilififia waliikataa.

Malkia alipofariki, wafanyabiashara hawakutaka sarafu nyingine. Kiwanda cha Günzburg, na baadaye Vienna na vinginevyo, vikaendelea kuichapa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Austria yenyewe iliacha kuitumia kama pesa halali mwaka 1858, lakini iliendelea kuichapa kwa ajili ya nchi za nje. Jeshi la Waingereza lililoongozwa na Jenerali Napier lilipokwenda Uhabeshi mwaka 1867 na 1868, lililazimika kutafuta mamilioni ya riale hizo ili kununulia chakula, majani ya wanyama na wapagazi. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata haki ya kuichapa Roma, na punde Paris, London na Brussels nazo zikaanza kuichapa. Zote hizo zina mwaka 1780. Hata leo kiwanda cha Vienna kingali kinaitoa.

Unguja ya Sayyid Said iliihesabia ushuru na biashara yake kwa riale. Uzito wake ndio uliokuwa kipimo cha wakia: mfanyabiashara aliyekosa jiwe la mizani aliweka riale. Palikuwa na riale ya Sham, na palikuwa na riale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake zilidhaniwa kuwa mizinga. Mwaka 1882 Sayyid Barghash alichapisha riale zake mwenyewe. Nyingi za riale za kale hazikubaki sarafu. Masonara waliziyeyusha wakafua vikuku, mitali, vipini na mikufu. Kwa hiyo pambo la fedha la bibi mzee wa Ujiji au wa Unguja laweza kuwa ni riale iliyobadili umbo.

FUNZO KWA MWENYE KUUZA

Mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura ni mtaa wa Waswahili wa siku nyingi, na soko la Ruvumera linajulikana na kila mtu. Katika mtaa kama huo, kama katika kambi zetu, shida hubisha hodi bila ya taarifa: karo ya shule, mgonjwa hospitali, msiba. Mume akifariki, mjane hufungua sanduku na kutoa bangili, mkufu na sarafu tatu nne za marehemu. Kosa analoweza kulifanya asubuhi ile moja halirekebishiki, kwa kuwa kitu kilichoyeyushwa hakirudi. Kwa hiyo, ndugu askari, ni vyema mambo yafuatayo yajulikane kabla ya kufika dukani.

Kwanza, kila kitu cha dhahabu au cha fedha kina thamani tatu, nazo hazilingani. Ipo thamani ya madini yaliyomo, ipo thamani ya kazi ya mikono ya fundi, na ipo thamani ya historia na uchache. Riale ya mwaka 1780 humdanganya mwenye nayo, kwani huona mwaka wa zamani na kudhani ameokota hazina. Kumbe zilichapwa kwa mamilioni na mamilioni, na nyingi hazizidi sana bei ya gramu zake 23.39 za fedha. Zile zenye miaka ya kabla ya 1780 ndizo hutafutwa zaidi na wakusanyaji.

Kinyume chake ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyochapwa Tabora mwaka 1916. Wajerumani, waliotawala Tanganyika, Ruanda na Urundi, walikuwa wamezingirwa na hawakuweza kupata sarafu kutoka kwao. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakachapa katika karakana ya reli sarafu yenye tembo na mlima nyuma yake. Ina uzito wa gramu 7.17, na robo tatu yake ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji wa Tabora mwezi Septemba mwaka huo, na kazi ikakoma. Kwa sababu ni chache, mkusanyaji huilipia mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo. Atakayeipeleka kwenye moto wa sonara atakuwa amechoma urithi wake. Na kwa sababu hiyo hiyo za bandia zipo, na anayeuziwa yapasa awe na macho mawili.

Pili, ijulikane lugha ya alama. Dhahabu safi ni karati 24. Alama ya 750 ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu. 916 ni karati 22. 585 ni karati 14. Na 375 ni karati 9. Kwa fedha, alama ya 925 ni ya kawaida katika mapambo. Mkufu wa gramu 20 wenye alama ya 750 una gramu 15 tu za dhahabu safi. Mawe yaliyopachikwa yatolewe katika hesabu ya uzito. Alama nayo yaweza kugongwa na mwongo, na kitu kilichochovywa dhahabu hung'aa sawa na cha dhahabu tupu mpaka kikwaruzwe.

Tatu, uzito. Bei inayotangazwa ulimwenguni ni ya wakia ya masonara, yenye gramu 31.1, na ni ya madini safi. Si ile wakia ya riale ya gramu 28, wala si tola ya Wahindi yenye gramu 11.66. Mtu asiyetofautisha vipimo hivi huweza kupunjwa mchana kweupe, na mpunjaji asitamke uongo hata mmoja. Dawa yake ni kuhesabu kila kitu kwa gramu, na kukipima kitu chako mahali pengine kabla ya kukifikisha kwa mnunuzi.

Nne, majaribio madogo. Sumaku haivuti dhahabu wala fedha, kwa hiyo kinachovutwa kikataliwe. Lakini shaba na risasi pia hazivutwi, kwa hiyo kisichovutwa kisiaminiwe mara moja. Ukubwa na uzito vikilinganishwa husema zaidi. Riale iliyoigwa kwa shaba tupu, kwa ukubwa ule ule, hupungua zaidi ya gramu tatu. Iliyoigwa kwa risasi tupu huzidi gramu 31. Kwa dhahabu ya bei kubwa, yupo tungsteni, chuma kizito karibu sawa na dhahabu, ambacho huishinda mizani. Hapo anahitajika sonara mwenye vifaa na sifa njema.

Tano, sarafu ya kale isisuguliwe kwa mchanga wala kwa majivu ili ing'ae, na isitobolewe. Mkusanyaji hutaka ngozi yake ya asili. Riale iliyotobolewa ili kuvaliwa shingoni fedha yake ingalimo, lakini mkusanyaji ataipita.

Sita, pasiwe na haraka. Waulizwe wanunuzi watatu, kila mmoja peke yake, na kila mmoja atoe bei kwa gramu na aseme ni ya karati ngapi. Kitu kisiachwe dukani kulala hata usiku mmoja bila ya hati yenye uzito, maelezo na sahihi. Anayehitaji pesa kwa muda mfupi tu na atafakari kuweka rehani kwa mtu mwaminifu badala ya kuuza.

Kwa ndugu zetu wa polisi liko jambo la nyongeza. Pambo lililoibwa hufa mara mbili: kwanza linapoondoka katika nyumba ya mwenyewe, na pili linapoyeyuka. Mwizi huuza kwa bei iliyo chini ya ile ya madini, kwa sababu anakimbia; na mnunuzi anayepokea mkufu wa gramu 30 kwa bei ya gramu 10 amekwisha kuonywa na bei yenyewe. Askari anayejua alama, uzito na karati huweza kumwuliza mwuzaji maswali matatu na kujua kama anaongea na mrithi au na mwivi. Na askari huyo huyo, akirudi nyumbani kwa likizo, huweza kumfundisha mama yake na mkewe kuandika katika daftari uzito na alama za kila pambo walilo nalo, kabla ya siku ya shida kufika.

Maria Theresia amezikwa Vienna pamoja na mumewe, yule mkusanyaji wa sarafu, katika jeneza moja kubwa la madini. Silesia aliyoipigania kwa miaka mingi haikupata kurudi mikononi mwake. Riale yake, lakini, imeendelea kuchapwa kwa zaidi ya karne mbili baada ya kifo chake, kwa sababu mtu wa Mokha au wa Unguja alipoiweka katika mizani alikuta uzito aliouzoea.